Kuhamisha tangi kubwa la samaki wakati familia inahama: lipe siku yake na mtu wake

Kuhama na familia kunachosha hata kama ndani hamna kiumbe kingine zaidi ya nyie wenyewe, sasa ongeza tangi la lita 300 pale sebuleni, samaki ambao watoto wameshawapa majina, na vijana wa kubeba mizigo wanaouliza "na hili nalo linaenda?" huku lori linasubiri nje. Hapo ndo presha inapanda na watu wanaanza kupigiana kelele. Naandika hii kwa sababu inaniuma kuona watu wanapoteza samaki waliokaa nao miaka, na mara nyingi siyo barabara iliyowaua. Samaki wanafika wazima, wanaogelea vizuri, kila mtu anafurahi, halafu siku ya tatu au ya nne mnaamka mnakuta wawili wanaelea, kesho yake wengine. Chanzo ni filta iliyofia njiani, yaani bakteria wa ndani yake wanaosafisha maji wamekufa, na haraka ya siku ile ya kuhama. Ukiyadhibiti hayo mawili mengine yote yanabebeka.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa: usihamishe tangi siku moja na makochi. Kama mna funguo za nyumba zote mbili hata kwa siku mbili tatu, fanicha itangulie, tangi libaki linafanya kazi kama kawaida kwenye nyumba ya zamani, halafu mrudi kulichukua kukiwa hakuna mtu anayekimbizana na kitu kingine. Kama haiwezekani na lazima kila kitu kiende siku moja, basi liwe la mwisho kubomolewa na la kwanza kufungwa kule mnakokwenda. Na awepo mtu mmoja tu mwenye kauli juu ya tangi. Mkubaliane mapema nyumbani, yaani siku hiyo baba ni wa tangi na mama ni wa nyumba, au kinyume chake, na yule wa tangi asiitwe kuja kufungua kitanda wala kutafuta chaja ya simu. Nimeona nyumba nyingi ugomvi wa siku ya kuhama unaanzia hapa, mmoja amelowa mpaka kwenye mabega ameshika neti, mwingine anamuita aje asaini karatasi za lori, na hakuna kati yao mwenye kosa.

Watoto nao wapeni kazi ya kweli. Mtoto wa miaka minane anaweza kukaa na karatasi akaandika kila samaki anayetolewa na ameingia ndoo gani, na kazi hiyo ina maana kubwa kwa sababu ukiwa umeshika neti hukumbuki umetoa wangapi, halafu tangi likishabebwa ndo mtu anauliza yule kambare mdogo yuko wapi. Na waambieni ukweli mapema kwamba safari ni ngumu kwa samaki na kwamba mnafanya kila kinachowezekana, itawasaidia kama mmoja hatafika.

Kabla ya yote jiulizeni kama wote wanaenda. Kama safari ni ya siku mbili barabarani, au nyumba mpya ni ndogo, kumpa mtu anayejua kufuga yule samaki mkubwa aina ya oska ni uamuzi wa heshima kabisa. Mtu asijisikie vibaya. Lakini amueni wiki kadhaa kabla, siyo asubuhi ya kuhama, kwa sababu asubuhi ile mtampa yeyote atakayekubali.

Sasa tuje kwenye uzito maana hapa watu wanachukulia poa sana. Tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50 linaingia lita 300, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo hilo tangi likiwa tupu kabisa, limekauka, ni karibu kilo 57. Weka changarawe, mawe na meza yake unapita kilo 400 zote zimekaa sehemu moja ya sakafu. Ndo maana kama nyumba mpya ni ya ghorofa, hasa yenye sakafu ya mbao, lazima umuulize mwenye nyumba au fundi kabla hujasaini chochote, na kwa kawaida sehemu salama zaidi ni kando ya ukuta unaobeba nyumba, tangi likiwa limekatiza mbao za sakafu badala ya kukaa sambamba juu ya mbao moja au mbili. Pima milango, kona za ngazi na lifti kwa tepu, usikadirie kwa macho. Angalia jua linapoingilia, kwa sababu tangi likipigwa na jua la dirishani maji yanachemka mchana na mwani unajaa. Soketi iwe karibu, na waya ushuke chini kwanza ndo upande kuingia kwenye soketi, ili tone la maji likitembea kwenye waya lidondokee sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Kitu kingine cha kufanya mapema ambacho watu hawakifanyi ni kuchota maji ya bomba ya nyumba mpya. Siku mnayoenda kuangalia nyumba beba chupa, chota, rudi nayo, iache wazi mpaka kesho halafu pima pH (kipimo cha uasidi wa maji) na ugumu wa maji (wingi wa madini yaliyomo) ulinganishe na ya tangi lako. Yakikaribiana, umetua mzigo mkubwa. Yakiwa tofauti sana utajua kwamba lazima ubebe maji mengi ya zamani na ubadilishe taratibu kwa wiki kadhaa. Pia muulize anayewauzia au kuwasambazia maji kama wanatumia klorini au kloramini. Klorini ya kawaida inatoka yenyewe maji yakikaa wazi kama siku nzima, kloramini haitoki, hiyo inataka dawa. Mimi nashauri dawa ya kuondoa klorini iwepo tu kwenye mkoba, tena chupa iliyojaa, siku hiyo hakuna muda wa kuacha maji yalale.

Wiki ya mwisho badilisha maji robo hivi, nyonya uchafu kwenye changarawe kidogo kidogo, lakini filta usiiguse. Usioshe sponji, usiweke mpya. Halafu acha kuwalisha siku moja mpaka mbili kabla ya safari, samaki wakubwa hata siku tatu. Najua roho inauma wakija mbele ya kioo wanaomba, ila samaki mzima mwenye afya anakaa siku kadhaa bila chakula na hapati shida, wakati samaki aliyeshiba anakunya kwenye ndoo na hiyo ndo sumu ya amonia atakayokuwa anaivuta mpaka mnafika. Mwambie kila mtu ndani ya nyumba, hasa bibi na watoto wadogo, maana kuna mmoja lazima atawaonea huruma.

Vitu vya kuwa navyo mkononi: ndoo za lita 20 zenye mfuniko, nyingi kuliko unavyodhani, na ziwe ambazo hazijawahi kuona sabuni, pampu ya hewa ya betri, mbili kama unaweza, mpira wa kunyonyea maji, neti mbili kubwa, kipimajoto, taulo nyingi za zamani, pimamaji la fundi, karatasi za gazeti, na vipande vya povu gumu jeupe lile linalokuja na TV. Na kama una pipa kubwa la plastiki safi, hilo ni dhahabu, nitaeleza.

Siku yenyewe inaanza kwa kuzima hita. Zima, acha nusu saa ipoe ndani ya maji, ndo utoe, kwa sababu hita ya moto ikikutana na hewa kioo chake kinaweza kupasuka. Kisha, kabla hujagusa jiwe lolote, nyonya maji ya juu ambayo bado ni safi uyajaze kwenye ndoo za samaki na ndoo za akiba. Mpangilio huu ni muhimu, ukishaanza kung'oa mimea na mawe uchafu wote wa chini unapanda na hayo maji hayafai tena kuwekea samaki. Maji ya zamani hayana bakteria wengi kama watu wanavyosema, bakteria wanakaa kwenye sponji na changarawe, ila yanabeba pH na ugumu ambao samaki wamezoea, na ukienda na nusu ya maji utakuwa umewapunguzia mshtuko mkubwa.

Toa mawe na magogo, moja moja. Kila gogo lishike juu ya maji, ligeuze, lichungulie. Pleko, yule samaki wa kujibandika kwenye kioo kwa mdomo, anajua kujibana ndani ya tundu la gogo na akatulia hivyo hivyo hata gogo likiwa limetoka nje ya maji, miba yake ameisimamisha, humuoni mpaka uingize tochi, na ukimvuta kwa nguvu utamchana mapezi, kwa hiyo rudisha gogo kwenye ndoo yenye maji, funika na taulo kupate giza, subiri, atatoka mwenyewe. Mimea ifunge kwenye gazeti lililolowa uweke ndani ya mfuko wa plastiki, itasafiri siku nzima bila neno.

Usianze kukimbiza samaki maji yakiwa yamejaa. Punguza mpaka kimo cha sentimita 15 hivi, wanakuwa hawana pa kwenda na utawakamata kwa utulivu, taa ya chumba ikiwa hafifu. Samaki wakubwa na wale wenye miba wasukumie kwenye chombo cha plastiki badala ya kuwanyanyua na neti, neti inanasa miba na inakwangua ule utelezi wa ngozi unaowakinga na magonjwa. Wagomvi kila mmoja na ndoo yake, sikilidi (jamii ya samaki wanaopigania eneo) ambao nyumbani wanavumiliana kwenye lita 300 hawatavumiliana kwenye lita 15. Ndoo ijae robo tatu tu, mfuniko juu kwa sababu wanaruka, mfuniko utobolewe mpira wa hewa upite.

Samaki wadogo wanaweza kwenda kwenye mifuko, maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, mfuko ndani ya mfuko, ulazwe ubavu ndani ya boksi la kubebea vinywaji baridi. Lile boksi linatunza joto na linawapa giza, samaki akiwa gizani anatulia na anatumia oksijeni kidogo. Usipulize mfuko kwa mdomo, hewa yako imejaa kaboni dioksaidi, unakinga tu hewa ya chumbani kwa mdomo wa mfuko na kuufunga haraka. Beta na gurami wanapumua hewa ya juu ya maji moja kwa moja, kwa hiyo wao bila nafasi ya hewa wanakufa kwa kukosa pumzi. Safari ya masaa machache hewa ya kawaida inatosha. Ikizidi nusu siku tafuta mtu wa kuwajazia oksijeni safi au tumia ndoo na pampu ya betri.

Tumefika kwenye filta, na hapa nakuomba usome polepole. Ndani ya yale masponji na vigae vya filta kuna bakteria wanaokula amonia inayotoka kwa samaki na kuigeuza nitriti, na wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo sumu yake ni ndogo sana. Bila wao, tangi lako ni ndoo kubwa ya sumu inayoongezeka kila saa. Bakteria hawa wanahitaji vitu viwili, unyevu na oksijeni. Filta ya nje ile ya kopo lililofungwa, ukiizima na kuiacha imejaa maji na imebanwa, oksijeni iliyomo inaisha ndani ya masaa machache, wanaanza kufa na kuoza humo humo, halafu ukifika unaiwasha na inamwaga uozo wote kwenye maji ya samaki waliochoka. Kwa hiyo fungua kopo, mwaga maji yake, toa masponji na vigae uweke kwenye ndoo pana, maji ya tangi yafike kulowesha tu, mfuniko uegeshwe usibanwe, na kama una pampu ya pili ya betri weka hapo. Ukifika kabla hujarudisha, nusa. Sponji iliyo hai inanuka udongo uliolowa na mvua. Ikinuka mayai viza, usiirudishe hivyo, isuuze kwenye maji ya tangi, na ujue kwamba wiki mbili zijazo utabadilisha maji sana. Na mtu yeyote mwenye nia njema asije akaichukua kuisafisha bombani eti ni chafu, klorini ya bomba inaweza kuwaua bakteria wote, andika kwenye mfuniko kwa herufi kubwa USIOSHE.

Changarawe toa yote. Ndio, yote, najua inachosha na inaumiza mgongo, lakini tangi halibebwi likiwa na changarawe wala maji hata ya kufunika kidole. Maji yakicheza yanasukuma kioo, changarawe inakandamiza kioo cha chini, tangi likipinda kidogo tu silikoni ya kona inaachia, na mara nyingi hutaona siku hiyo, utaona usiku wa pili nyumba mpya ikiwa imelowa. Changarawe ni nzito, nusu ndoo inatosha kwa mtu mmoja, na iachwe na unyevu kwa sababu nayo ina bakteria wake. Mchanga mzito uliokaa miaka bila kuguswa uoshe vizuri kwenye maji ya tangi, chini kule kuna gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo kwa samaki ni sumu.

Kubeba tangi ni watu wawili kwa dogo, wanne kwa hili tunalozungumzia, mikono chini ya kitako, kamwe wasilishike kwenye ile mikanda ya juu. Viatu vya kufunika vidole, glavu, sakafu imekaushwa, watoto wako chumba kingine na mlango umefungwa. Kwenye gari likae wima juu ya plaiwudi iliyonyooka yenye povu au blanketi, kitako chote kimegusa, na hakuna kitu kinachowekwa ndani yake, hata mito. Kila mara kuna mtu anaona ile nafasi tupu anataka kuweka vyombo, mkatalie kwa upole. Samaki wasiende kwenye lori, waende kwenye gari la familia lenye joto la wastani, na wawe wa mwisho kuingia garini.

Mkifika, pumua kwanza. Samaki walio kwenye ndoo zenye pampu ya hewa wanaweza kukaa hapo masaa mengi, hata kulala, kwa hiyo hakuna sababu ya kufunga tangi gizani ukiwa umechoka hivyo. Na hapa ndo lile pipa la plastiki linapookoa watu: lijaze maji ya zamani na mapya yaliyowekwa dawa, tumbukiza hita na ile filta yako, weka samaki, funika, mkale mlale. Tangi utalifunga kesho mkiwa na akili zenu, na utapata nafasi ya kulijaza maji na kuliacha siku nzima uone kama linavuja. Kwa tangi la miaka mingi hili ni la lazima kwangu.

Meza yake weka pimamaji mbele, nyuma na pande zote mbili. Kama imeinama, rekebisha chini ya meza, siyo kati ya meza na kioo. Pima tena maji yakifika nusu kwa sababu uzito unashusha sakafu na zulia. Rudisha changarawe, weka sahani chini na umwagie maji juu yake yasichimbe, kwanza ya zamani halafu mapya yenye dawa, joto lifike nyuzi 24 mpaka 27 kwa samaki wa maji ya uvuguvugu, washa filta, ndo waingie.

Kuhusu kuwazoesha kuna jambo wengi hawalijui. Samaki aliyesafiri masaa mengi kwenye mfuko uliofungwa ameujaza kaboni dioksaidi, na hiyo inashusha pH, na pH ikiwa chini amonia aliyoitoa inakaa katika hali isiyomdhuru sana. Ukiufungua mfuko, kaboni inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu kali ndani ya dakika chache huku wewe unadondoshea maji tone kwa tone ukidhani unamhurumia. Kwa safari ndefu uache mfuko umefungwa, ueleeshe dakika 15 hadi 20 joto lilingane, kisha fungua, mtoe kwa neti aingie tangini mara moja, maji ya mfuko yamwagwe. Utaratibu huo unafaa pale maji ya tangi yanapokaribiana na aliyoyazoea, na ndo sababu nyingine ya kubeba nusu ya zamani. Kwa waliosafiri kwenye ndoo yenye hewa unaweza kuwaongezea maji ya tangi taratibu bila wasiwasi.

Siku ya kwanza taa izimwe na msiwape chakula. Rangi itapauka, watajificha nyuma ya mawe, ni kawaida. Kuanzia siku ya pili chakula kidogo sana, na pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki mbili, hata kama mna maboksi hamjafungua, hii isiahirishwe. Ikianza kuonekana hata 0.25 kwenye kipimo badilisha robo mpaka theluthi ya maji siku hiyo hiyo, kesho upime tena. Wakihema juu ya maji au wakijipanga pale filta inapotolea maji, ongeza hewa na badilisha maji usisubiri kipimo. Vipimo vikikaa sifuri wiki nzima rudisha chakula cha kawaida kidogo kidogo, na samaki wapya wasubiri angalau mwezi, bakteria waliopo wanawatosha hao mliokuja nao tu.